Ndogo ya Kubeba

Nimekuja nyumbani Kiomboi kwa likizo fupi, nikakuta kesi inanisubiri, na mshtakiwa ni mimi.

Mwaka jana baba mdogo aliuza alizeti ili amnunulie binti yake kompyuta ya kwenda nayo chuoni. Akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye msomi. Nikifika dukani niseme nataka nini?" Siku hiyo nilikuwa nakimbizana na habari ya kesho yake. Nikamjibu harakaharaka: "Sema unataka kompyuta ndogo ya kubeba, baba." Muuzaji akampa alichoomba: kioo chembamba cha kugusa, na kibodi ya kubandika pembeni. Ni ndogo na inabebeka. Binti alipofika chuoni, programu ya takwimu waliyotakiwa kuitumia ikakataa kuingia. Kilikuwa kishikwambi.

Ningeweza kumlaumu muuzaji, lakini neno nililitoa mimi. Na haya majina yana historia ndefu ya kuchanganya watu.

Mwaka 1981 ilitoka Marekani kompyuta iitwayo Osborne 1. Ilitangazwa kuwa ni ya kubeba, kwa dola 1,795. Jamani, ilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi, ikifungwa kama sanduku la safari! Mwaka 1982 ikaja GRiD Compass, ambayo kioo chake kilikunjwa juu ya kibodi kama tunavyozoea leo, lakini bei yake ilizidi dola 8,000. Ndipo likashika neno laptopu, yaani kompyuta ya kuweka juu ya mapaja, ili mnunuzi aitofautishe na yale masanduku.

Mwaka 1988 kampuni ya NEC ikaleta UltraLite, nyepesi zaidi, ya kilo 2 hivi. Hii na wenzake zikaitwa notibuku, maana yake daftari, kana kwamba unaiingiza kwenye mkoba pamoja na vitabu. Miaka ilivyokwenda laptopu nazo zikapungua uzito, na tofauti ya majina hayo mawili ikabaki kwenye matangazo tu.

Mwaka 1999 kampuni ya Psion ya Uingereza ikauza kifaa chake kwa jina la netBook. Asus walipotoa Eee PC mwaka 2007, yenye kioo cha inchi 7, Intel wakalichukua neno hilo na kuliita kundi zima la kompyuta ndogo za bei nafuu. Psion wakalalamika kuwa jina ni lao, na ugomvi ukamalizwa kwa makubaliano mwaka 2009. Mwaka uliofuata ikatoka iPad, kila mtu akataka tableti, na netibuku zikapotea madukani. Mwaka 2012 Microsoft wakatoa Surface, tableti yenye kibodi ya kubandika, na mpaka ukafutika kabisa.

Mnaona mtindo wenyewe? Karibu kila jina lilizaliwa kwenye meza ya kuuzia. Kazi yake ilikuwa kufanya mali mpya ionekane mpya. Mnunuzi alitakiwa avutiwe, si lazima aelewe.

Sisi majina hayo hayakutufikia moja moja. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na zuio hilo lilikuja kulegezwa baadaye. Wenzetu waliona sanduku likipungua hadi kuwa daftari. Wengi wetu tulikuta vyote vimepangwa kwenye rafu moja, na bei zake juu.

Na asidhani mtu kwamba mkanganyiko huu ni wa wakulima wa Iramba peke yao. Kenya, kwenye uchaguzi wa mwaka 2013, muungano wa Jubilee uliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Zabuni ya kwanza ikabatilishwa mwaka 2014. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016, vya wanafunzi vilikuwa tableti. Taifa zima liliahidiwa kitu kimoja likapokea kingine.

Kinachoniuma ni kwamba Kiswahili kimeshatupa maneno mazuri. Kompyuta mpakato inatokana na kupakata, kama mama anavyompakata mtoto mapajani. Kishikwambi kimebeba kushika ndani yake. Neno hilo lilienea sana kwenye Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita navyo nyumba kwa nyumba, na baadaye vikagawiwa kwa walimu wa shule za umma. Maneno yote mawili yanaeleza mwili wa mtumiaji unafanya nini, jambo ambalo notibuku haikuelezi. Lakini sisi waandishi tunaandika "kompyuta" leo, "laptopu" kesho, "kifaa cha kisasa" keshokutwa, halafu tunashangaa msomaji akipotea.

Jana jioni nilimweleza baba mdogo yote haya, nikamwomba radhi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia msimu huu akivuna tena atarudi dukani.

"Na yule kijana asipolijua hilo neno mpakato?" akauliza.

Kabla sijajibu, akakaa vizuri kwenye kigoda, akakunja mikono juu ya mapaja kama amebeba mjukuu. "Nitamwonyesha hivi," akasema.

Nusu ya bei nitalipa mimi. Nawasilisha.