MATHIAS KIWANUKA: MJUKUU WA JAJI MKUU ALIYEVAA PETE MBILI ZA SUPER BOWL, ILA WATU WANAMKUMBUKA KWA KUMWACHIA MTU

Wadau, leo naomba tuweke Simba na Yanga pembeni kidogo. Nakuja na mpira ambao hapa Bagamoyo hata ukizunguka vibanda umiza vyote, Magomeni mpaka Dunda, hutaukuta umeandikwa kwenye ubao wa mechi za leo. Mpira wa Kimarekani. Ule wa kofia ngumu na mabega yaliyotuna, mpira wenyewe una umbo la yai na muda mwingi unabebwa mikononi. Usikimbie, mtu wangu, maana ninayemzungumzia ni damu ya hapa hapa jirani, Uganda.

Tuanzie Novemba 26, 2006, mji wa Nashville. New York Giants walikuwa wanaongoza 21-0 mpaka robo ya mwisho inaanza. Mechi imekufa, watu wameshaanza kutafuta funguo za magari. Mara Tennessee Titans wakaamka, ikawa 21-14, zikabaki dakika ambazo hata tatu hazifiki.

Sheria nakupa kwa ufupi. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Ukishindwa, mpira wanachukua wenzako. Titans walikuwa jaribio la nne, na yadi zote 10 bado wanazidai. Yule anayepanga shambulizi na kurusha mpira anaitwa kwotabeki, siku hiyo alikuwa Vince Young. Akakutana na Mathias Kiwanuka, beki wa Giants, chipukizi wa miaka 23, urefu mita 1.96, uzito kama kilo 120. Kiwanuka akamkumbatia. Kamdaka kabisa, mikono imeshazunguka, bado kumlaza chini tu na mechi iishe.

Akamwachia.

Ndiyo, akafungua mikono. Young naye hakuuliza swali, akachomoka na yadi 19. Titans wakasawazisha, halafu zikiwa zimebaki sekunde chache Rob Bironas akapiga mpira wa mbali ukapita katikati ya nguzo. 24-21. Kwa Wamarekani hiyo klipu haizeeki, kama zile penalti za kukosa ambazo huku kwetu zinarushwa kwenye magrupu kila derby ikikaribia.

Sasa kwa nini mtu amshike mwenzake halafu amwachie? Mwenyewe alieleza kwamba alidhani Young ameshaurusha mpira. Na ukimwangusha kwotabeki wakati mpira umeshamtoka, mwamuzi anatupa kitambaa cha njano, unapigwa adhabu ya yadi 15 na wapinzani wanaanza kuhesabu majaribio upya. Dogo aliogopa kuiponza timu, akaiponza kwa njia nyingine. Mimi binafsi simlaumu. Ukiwa mgeni kazini, kosa la kuvunja sheria linakutisha kuliko kosa la kuchelewa.

Hilo jina Kiwanuka linatoka kwa nani? Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha Democratic Party na waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, Machi 1962, nchi ikiwa bado haijapata uhuru kamili. Uchaguzi wa Aprili mwaka huo huo akashindwa na muungano wa Milton Obote. Baadaye Obote akamfunga. Idi Amin alipopindua mwaka 1971 akamtoa, akampa ujaji mkuu, Mganda wa kwanza kukalia kile kiti. Lakini mzee alikuwa anahukumu kwa sheria, hasikilizi simu za ikulu. Septemba 21, 1972 askari wa Amin wakaingia mahakama kuu Kampala, wakamchukua mchana kweupe. Akauawa, na mwili wake familia haikuupata.

Angalia hiyo tarehe. Siku nne tu kabla, Septemba 17, wapiganaji wa Obote walikuwa wamevuka mpaka kutoka huku kwetu Tanzania kwenda kujaribu kumng'oa Amin, wakashindwa vibaya. Baada ya hapo Amin akawa anaona msaliti kila kona. Ilibidi wazee wetu waliokwenda vita ya Kagera ndio wamalize kazi, Kampala ikaanguka Aprili 1979.

Mathias alizaliwa Machi 8, 1983 Indianapolis, Marekani, zaidi ya miaka kumi baada ya babu kuchukuliwa. Hawakuwahi kuonana.

Na hapa wana Bagamoyo tuna kipande chetu. Ile familia ni ya Kikatoliki, na DP ilipata nguvu yake kubwa kwa Wakatoliki. Ukatoliki ulifikaje Buganda? Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, wale wa kanzu nyeupe, ulianza safari ya miguu kutoka hapa Bagamoyo mwezi Juni 1878. Padri Lourdel na Bruda Amans wakafika Buganda Februari 1879. Wamekatiza pori miezi minane! Tukitaja njia ya misafara huwa tunakumbuka watumwa na pembe za ndovu tu, na ni haki tukumbuke, lakini njia ile ile ilipitisha na mambo mengine. Kijana naye akasoma Cathedral High School, sekondari ya Kikatoliki pale Indianapolis, kisha Boston College, chuo cha Wajesuiti. Akaondoka pale na rekodi ya chuo, saki 37.5. Saki ni kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha. Hiyo nusu ni pale mnapomwangusha wawili, mnagawana.

Giants wakamchagua 2006, mtu wa 32, wa mwisho kabisa kwenye raundi ya kwanza. Na hapa ndipo naona watu hawamtendei haki. Timu ile tayari ilikuwa na Michael Strahan na Osi Umenyiora, mabeki wa pembeni wa kutisha, kwenye nafasi ile ile aliyoizoea yeye. Fikiria umesajiliwa Simba kama namba mbili halafu unakuta namba mbili wapo wawili na wote wako timu ya taifa.

Kwa hiyo 2007 wakamrudisha nyuma kidogo, akacheza lainibeka. Ni kama kumtoa beki wa pembeni ukampa kazi ya kiungo mkabaji, macho yanatakiwa kuona vitu vingine kabisa. Akajifunza. Novemba akavunjika mfupa wa mguu. Februari 3, 2008 Giants wakawapiga New England Patriots 17-14, timu iliyokuwa haijafungwa mechi hata moja msimu mzima, na yeye anaangalia tu. Pete akapata, mechi hakucheza.

Strahan akastaafu, Umenyiora akaumia goti kabla msimu wa 2008 haujaanza. Kiwanuka, rudi pembeni! Akarudi, akapiga saki nane. 2010 ameanza kwa moto, saki nne ndani ya mechi tatu, likaja tatizo la diski shingoni, msimu ukaishia hapo. Shingo, wadau, siyo kifundo cha mguu. Kwenye mchezo ambao kazi yako ni kugongana na watu wa kilo 140, wengi wangesema basi. 2011 akarudi, na wakamrudisha tena lainibeka.

Fainali ya msimu huo ilipigwa Februari 5, 2012. Huku kwetu ilikuwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, Bagamoyo nzima imelala. Uwanja? Lucas Oil, Indianapolis. Nyumbani kwao alikozaliwa na kukulia! Wapinzani wale wale Patriots, na safari hii miguu yote mizima, anacheza. Giants 21, Patriots 17.

(Mwaka uliofuata, 2013, uwanja huo huo ukampokea Mkenya Daniel Adongo, aliyesajiliwa na Colts akitokea kwenye raga bila kuwahi kucheza mpira huu hata siku moja. Huyo ana stori yake, nitaileta.)

Ukimtafuta Kiwanuka mtandaoni, Wamarekani watakuonyesha ile klipu ya Nashville. Waganda watakwambia mjukuu wa Ben. Zile misimu ambazo alihamishwa namba kila mwenzake alipoumia au alipopona hazina klipu. Jumla saki 38.5, na sehemu ya miaka hiyo alikuwa anacheza nafasi ambayo saki siyo kazi yake ya kwanza.

Msimu wa 2014 goti likamtoa. Machi 2015 Giants wakamwachia. Miaka tisa, timu moja.