Urithi wa Rangi Mbili

Bibi yangu hufunga hela kwenye ncha ya khanga, kama bibi wengi wa Iramba. Lakini anasimulia kwamba mwaka ule wa kipindupindu, alipokuwa Dar es Salaam kwa kaka yake, fundo lile lilibeba dawa ya rangi mbili, yaani tetrasaiklini. Aligawiwa bila kuumwa, kwa kujikinga tu. Akameza viwili, vilivyobaki akavifunga vingoje siku ya shida.

Hadithi hii niliichukulia kama kichekesho cha familia, cha kutia kwenye riwaya ninayoiandika (haiishi, msiniulize). Kumbe fundo lile lina historia yake.

Mlipuko ule, wa nne hapa nchini, ulianza Oktoba 1977. Mwanzoni vijidudu vyote vya kipindupindu vilivyopimwa vilisalimu amri kwa tetrasaiklini. Dawa ikatumika kwa wingi mno, kutibu wagonjwa na kukinga wazima. Baada ya miezi 5, asilimia 76 ya vijidudu vilivyopimwa vilikuwa sugu. Fred Mhalu na wenzake waliyaeleza hayo mwaka 1979 katika jarida la Lancet la Uingereza. Tena haikuwa tetrasaiklini peke yake, bali dawa kadhaa kwa mpigo! Sasa jiulize, ndugu msomaji: mdudu asiye na macho wala ubongo anajifunzaje mambo yote hayo kwa miezi mitano?

Hakujifunza. Alipewa.

Wajapani walishaliona hilo kwenye ugonjwa wa kuhara damu miaka ya 1950: bakteria mmoja humgusa mwenzake na kumwachia usugu wote kwa mara moja, kama mtu anayempa jirani bahasha. Bahasha hiyo ni kipande cha DNA kilichojikunja duara, kinachoishi ndani ya bakteria lakini kando ya DNA yake kubwa. Joshua Lederberg, Mmarekani, ndiye aliyeleta jina la plasmidi mwaka 1952. Na vijidudu vya ule mlipuko wetu vilipochunguzwa, vilikutwa na plasmidi zilizobeba usugu.

Kupewa ni rahisi. Linalonikosesha usingizi ni la pili: kurithisha. Bakteria hana mirathi wala mzee wa ukoo. Anarefuka, anajikata katikati, wanakuwa wawili. Katika hali nzuri baadhi yao hufanya hivyo kila baada ya dakika 20 hivi. Sasa ile plasmidi inakwenda kwa nani?

Plasmidi ndogo hutegemea wingi. Ikiwa zimo 20 na zimetawanyika ovyo, nafasi ya mtoto mmoja kukosa kabisa ni kama 1 kati ya 524,000. Hesabu hiyo niliirudia kwa peni nyuma ya daftari la riwaya, nikacheka. Ila nazo zina balaa lao: wakati mwingine hushikana zikawa pingu moja, na pingu tatu au nne hazigawanyiki kama pete ishirini. Kwa hiyo hutumia vimeng'enya vya kuzikata zitengane.

Plasmidi kubwa, na zinazobeba usugu mara nyingi ni kubwa, haziwezi kujazana hivyo. Ni mzigo; bakteria angechoka. Huwa moja au mbili tu, halafu zinajinakili kabla ya seli kugawanyika. Zikiwa mbili na zikiachwa zijiendee, nusu ya migawanyiko ingemwacha mtoto mmoja mikono mitupu. Kwa hiyo zina wapagazi. Protini moja hushika alama maalumu kwenye plasmidi, nyingine huiongoza, na nakala zinapelekwa kila moja upande wake kabla ukuta haujajengwa katikati. Kuna plasmidi nyingine ambazo hujenga uzi unaorefuka kati ya nakala mbili na kuzisukuma mbalimbali, kama vijana wawili wanaosukumana kwa mti mrefu wa mtumbwi.

Na wapagazi wakikosea? Hapa, kusema kweli, nilisimamisha kusoma nikatoka nje kupunga upepo. Mwaka 1983 Wajapani wawili, Ogura na Hiraga, walieleza jeni mbili za plasmidi iitwayo F. Baadaye ikafahamika vizuri zaidi kazi yake: moja hutengeneza sumu, nyingine kiuasumu. Sumu hudumu. Kiuasumu huoza upesi, lazima kitengenezwe kila wakati, na anayekitengeneza ni plasmidi. Mtoto akizaliwa bila plasmidi huwa bado ana sumu ya mama tumboni. Kiuasumu kinaisha, sumu inabaki, naye anadumaa au anakufa. Ni mwiko wa ukoo ambao anayeuacha haachwi salama.

Mtunzi gani angebuni mhusika wa namna hiyo? Na watu husema, "acha dawa, usugu utaisha wenyewe." Mara nyingine hupungua, kweli, maana mzigo ni mzigo. Lakini mzigo wenye wapagazi na sumu ya kumlinda hautuliwi kirahisi.

Mwaka jana tumbo lilinishika, nikanunua vidonge duka la dawa bila kupimwa. Niliposikia nafuu niliacha vinne kwenye droo, mimi ninayeandika haya. Bibi alipokuja kunitembelea aliviona.

"Mjukuu wangu, hivyo nifungie."

Nikamwambia hapana, Bibi. Nikamweleza plasmidi, wapagazi, sumu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanyoosha ncha ya khanga mezani, akaniuliza: basi usiku mtoto akiharisha, na zahanati ni mbali, nimpe nini?

Nilitaja maji ya chumvi na sukari. Vidonge nikavirudisha dukani asubuhi. Bibi hakunisemesha hadi chai ya saa nne.