Mizani ya Basra

Katika mji wa Basra, nchi ya Iraki, mwishoni mwa karne ya 9, walikuwako wanazuoni waitwao Mu'tazila. Itikadi yao ilikuwa kwamba wema na ubaya umo katika matendo yenyewe, na akili ya mwanadamu huweza kuutambua. Dhuluma ni mbaya, atendaye awe mtumwa au Mola. Basi Mungu hadhulumu. Kiongozi wao alikuwa Abu Ali al-Jubbai, aliyefariki mwaka 303 wa Hijra.

Inasimuliwa kwamba mwanafunzi wake, Abul Hasan al-Ashari, alimwuliza habari ya ndugu watatu: mmoja alikufa mcha Mungu, wa pili kafiri, wa tatu mtoto mdogo. Mwalimu akajibu kuwa wa kwanza ana daraja peponi, wa pili yumo motoni, na mtoto amesalimika tu. Je, mtoto akilalamika kwamba angaliishi angalipata daraja ya nduguye? Ataambiwa kuwa Mungu alijua angaliasi, akamfisha kwa masilahi yake. Basi yule wa motoni akilia, mbona yeye hakufishwa mdogo? Mwalimu akanyamaza.

Baadhi ya wanahistoria hukishuku kisa hiki, nao wana sababu: ni Mu'tazila wa Baghdad, kuliko wa Basra, walioshikilia kwamba Mungu hana budi kumtendea kila kiumbe lililo bora kabisa. Lakini swali lenyewe halikuwa mchezo wa madrasa. Zama zile nyumba zisizozika mtoto zilikuwa chache.

Yapata mwaka 912 al-Ashari alimwacha mwalimu wake. Katika kitabu chake al-Luma alisema waziwazi kwamba hata Mungu akiwatesa watoto Akhera ni uadilifu, kwa maana hana aliye juu yake wa kumwekea mpaka. Uongo nao ni mbaya kwa kuwa Yeye ameufanya mbaya. Jibu hilo ni kali, tena lina tundu: ahadi za Mungu zitaaminiwa kwa dhamana gani? Akasema kwamba Mungu hasemi uongo, si kwa kuwa ni mbaya, bali kwa kuwa kwake ni muhali. Mu'tazila hawakutosheka, na ni vigumu kuwalaumu.

Wanazuoni wa Kishafii wa pwani ya Afrika Mashariki waliirithi itikadi ya al-Ashari. Hata hivyo, neno lisemwalo matangani, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, hubeba maana zote mbili: kwamba Yeye hatendi kosa, au kwamba alitendalo Yeye haliitwi kosa. Mama aliyefiwa haulizwi amesikia ipi.