Kuokoa Nauli ya Ndege

Juni 1978 macho ya dunia yalikuwa Argentina, kwenye Kombe la Dunia. Mwezi huohuo, kwenye uwanja wa mpira wa kijiji cha Mieussy, eneo la Haute-Savoie huko Ufaransa, alitua mtu akiwa ananing'inia chini ya parachuti. Hapakuwa na ndege yoyote iliyomwangusha. Alikuwa ametoka mlimani, mita 1,000 juu ya kijiji, kwa miguu yake mwenyewe: alikimbia kwenye mteremko mpaka ardhi ikamwishia.

Huyo ni André Bohn. Kabla yake, mwenzake Jean-Claude Bétemps alikuwa amejaribu kutoka hapohapo, mlima Pertuiset, akaruka kama mita 100 hivi akatua. Wa tatu wao ni Gérard Bosson. Wote walikuwa watu wa parachuti, na kama una rafiki kwenye mchezo huo unajua kinachomaliza mshahara wake: kila mruko lazima ulipie ndege ikupandishe. Wao walitaka kufanya mazoezi ya kutua penye shabaha bila gharama hiyo. Mlima ulikuwepo, wa bure. Vipeperushi vya watalii hupenda kutusimulia ndoto ya kale ya binadamu kuruka kama ndege, na mimi sina ugomvi na ndoto. Ila hapa wazo lilianza kwa kubana matumizi.

Wasingeweza kufanya hivyo na parachuti ya zamani ile ya duara. Walitumia ya mstatili, aina iliyobuniwa na Domina Jalbert huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitambaa chake kina vyumba vilivyo wazi upande wa mbele. Ukikimbia, upepo unaingia, kitambaa kinatuna, kinakuwa bawa. Bawa butu lakini: kwa kila mita moja uliyoshuka ulisonga mbele kama mita tatu tu. Paraglaida za leo husonga nane na zaidi. Kwa hiyo safari ya Bohn ilikuwa, tuseme, kuanguka kwa adabu.

Sasa hapa ndipo ugomvi ulipo. Miaka 13 kabla ya Mieussy, Septemba 1965, Mmarekani David Barish alikuwa ameshafanya jambo hilohilo kwenye mlima Hunter, jimbo la New York. Yeye alikuwa anabuni bawa la kitambaa la kurudishia duniani vyombo vya anga za juu vya NASA, na kuteremka nalo mlimani ilikuwa njia ya kulijaribu. Baadaye akazunguka akijaribu kuvishawishi vituo vya kuteleza kwenye theluji viufanye mchezo wa kiangazi, msimu ambao milima yao hukaa bila wateja. Hawakushika. NASA nayo ilikwenda njia nyingine: wanaanga wa Apollo walishuka baharini kwa parachuti za duara. Barish akaendelea na maisha yake.

Basi ujuzi ulivukaje Atlantiki? Kwa karatasi. Wale watatu walipata wazo kutoka kwenye maandishi ya Dan Poynter, mrukaji wa Kimarekani aliyeandika kuhusu parachuti na mbinu hiyo ya miteremko. Waandishi mnaojichapishia vitabu mnaweza kulifahamu jina hilo. Ni yuleyule wa The Self-Publishing Manual, kitabu kilichofundisha watu wengi kuachana na wachapishaji. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu.

Kuna wanaosema Barish ameibiwa heshima yake. Mimi naona heshima ya kubuni ni yake, hilo halina mjadala. Lakini mtu mmoja akiruka mlimani ni kituko. Watatu wakiruka, wakaanzisha klabu, wakawafundisha majirani, hapo pana mchezo. Mieussy ndiko ulikofundishwa, na hata jina la Kifaransa, parapente, limebeba neno la mteremko ndani yake. Miaka kumi baadaye, Septemba 1988, Mfaransa Jean-Marc Boivin aliruka nayo kutoka kilele cha Everest.

Kwetu ukitaka kuuona nenda Iten, Kenya, ukingoni mwa bonde la Kerio, miezi ya kiangazi. Nilikaa hapo wikendi moja. Marubani wanakaa kwenye nyasi saa nzima wakitazama utepe uliofungwa kwenye kijiti, hawasemeshani sana. Mmoja anasimama, anakimbia hatua tano sita, hayupo. Mwenzake anamfuata kwa macho kwanza, aone hewa inampandisha wapi, halafu naye anajifunga mikanda.

Jioni wanarudi juu mmoja mmoja, mizigo mgongoni, wamechoka, wakilalamika nauli aliyowatoza mtu wa bodaboda kuwapandisha kutoka bondeni.