Hari ya Kiangazi katika Mpemba na Bonde la Rukwa

Mpemba, kata ya Mji wa Tunduma iliyo kando ya barabara kuu iendayo Mbeya, husifika kwa ubaridi wa nyanda za juu, na sifa hiyo ndiyo iwaghafilishayo watu. Kwani kati ya Septemba na Novemba, kabla mvua hazijaanguka, jua hupanda hata likasimama utosini kabisa katikati ya Oktoba, nayo ardhi iliyokauka hurudisha hewani joto ililolipokea. Jua hurudi utosini mwishoni mwa Februari, lakini wakati huo mawingu ya mvua hulisitiri.

Wapatwao na taabu zaidi ni wale wasioweza kuchagua saa ya kukaa kivulini: wakulima watayarishao mashamba, mafundi wa ujenzi, na madereva wa malori pamoja na utingo wao, wangojao foleni ya kuvuka mpaka wa Zambia huku jua likipiga juu ya bati la gari. Kumwacha mtoto ndani ya gari lililofungwa vioo, hata kwa muda mfupi, ni hatari ya mauti. Nao wateremkao kwenda Kamsamba na pwani za Ziwa Rukwa, lililo takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, wajue kwamba mwili wa mtu wa milimani huhitaji wiki moja hadi mbili kuizoea hari. Siku za mwanzo kazi ipunguzwe, na adhuhuri ipumzikwe. Kumsifu kibarua kwa kustahimili jua pasipo kunywa maji ni dhuluma iliyovikwa joho la ushujaa.

Jasho hupoza mwili kwa kukauka juu ya ngozi, na hewa kavu ya kiangazi hulikausha upesi hata mtu asijue kiasi cha maji alichopoteza. Kwa hiyo anywe kabla ya kiu, na mkojo wa rangi nzito auhesabu kuwa onyo. Ashikwaye na kizunguzungu, kichefuchefu au mkakamao wa misuli alazwe kivulini, alegezwe nguo, anyweshwe kidogo kidogo maji safi lita 1 yaliyotiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa.

Lakini aanzaye kuweweseka au kuzirai, mwili ukiwa umepita nyuzi 40, huyo yu mahututi, awe anatoka jasho au ngozi imekauka: amwagiwe maji mwili mzima na kupepewa bila kukoma, hata njiani kuelekea hospitali, wala asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Aghalabu jamaa humdhania ana malaria, wakampa vidonge vya kushusha homa, navyo havifai kitu kwa joto lisilotokana na homa. Mganga aelezwe bayana kwamba mgonjwa alikuwa juani, na kwa muda gani. Na damu ipimwe vilevile, maana maradhi hayo mawili huweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja.