Ndege za Mabomu Juu ya Nyandarua

Wakati wa Hali ya Hatari nchini Kenya, ndege ndogo za jeshi la anga la Uingereza aina ya Harvard ziliruka kutoka Mweiga, kaskazini mwa Nyeri, kushambulia wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mwishoni mwa 1953 zikaongezwa ndege kubwa za mabomu aina ya Lincoln kutoka Eastleigh, Nairobi.

Lincoln ilitokana na ndege ya mabomu ya Lancaster, ambayo Julai 1943 ilimwaga vipande vya karatasi ya alumini juu ya Hamburg, skrini za rada za Wajerumani zikajaa ndege za uongo. Lakini katika misitu ya Kenya hakukuwa na rada ya kuhadaa. Wapiganaji wa Mau Mau walijikinga kwa mianzi iliyosongamana na kwa kupika usiku, moshi usiwafichue. Mabomu mengi yaliangukia miti na wanyamapori. Lincoln ziliondolewa 1955.