Nani Alichonga Mlango wa Kwihara?

Pale Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Siku aliyoondoka Stanley twaijua: Machi 14. Fundi aliyechonga nakshi za mlango hatumjui hata jina.

Kiti cha mtemi wa Buruku, chenye sanamu ya mtu mgongoni, kiko Berlin. Twaambiwa ni kazi ya Kinyamwezi, basi! Kana kwamba kabila zima lilishika tezo moja.

Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alipata bahati: wanafunzi wake walisimulia habari zake.

Wachongaji wazee wa Tabora nao waulizwe sasa: nani aliwafundisha, na kwa nini mninga? Kinasa sauti kimoja chatosha.